Uzoefu wangu: tiketi ya mechi ya maandalizi ya NHL, Bell Centre Montreal (nyota 3 kati ya 5)

Wabongo na Wakenya wa Canada huwa mnaniuliza kama inafaa kununua tiketi za mechi za maandalizi kabla ligi ya NHL, ile ya hoki ya barafu ya Canada na Marekani, haijaanza, maana bei yake iko chini kuliko ya msimu wenyewe. Jibu langu ni ndio, ila ujue unanunua nini. Mi nilikuwepo ile ya tarehe 28 Septemba 2024, Canadiens (timu yetu ya Montreal) na Toronto, nimeenda na kaka mmoja Mkongo wa Lubumbashi ambaye hoki kaijulia hukuhuku na sasa anaongea kama kocha.

Kwanza kikosi. Ile app niliyonunulia imeweka mapicha ya mastaa, ukifika unakuta nusu ya watu wana namba 80 na kitu mgongoni, madogo wanaotafuta kazi. Kanuni inataka kila timu ichezeshe wakongwe wasiopungua 8, so wanawekwa haohao 8 na maisha yanaendelea. Golikipa nae mara nyingi anatolewa katikati ya mechi ili mwenzie ajaribiwe. Kwa hiyo mtu akikuambia timu yetu iko fomu kwa sababu imeshinda mechi za maandalizi, mpe maji anywe. Hata kwenye futiboli ya Kimarekani, Detroit Lions 2008 walishinda mechi zote 4 za maandalizi halafu msimu wenyewe wakapigwa 16 kwa 16, yaani hata moja ya kusingizia hawana. Na hawa Canadiens wetu msimu huohuo wa 2024-25 mpaka mwezi wa kumi na moja walikuwa wanaburuza mkia, ila mechi ya 82, ya mwisho kabisa, wakaifunga Carolina wakaingia mtoano. Hakuna mechi ya Septemba iliyotabiri hilo.

Sasa kilichonipunguzia nyota. Patrik Laine, yule Mfini tuliyekuwa tumemchukua kutoka Columbus mwezi wa nane tu, watu wamenunua mpaka jezi zake, kipindi cha kwanza anapita pembeni na paki (kile kisahani cheusi cha mpira), Cédric Paré wa Toronto akamjia wakagongana goti kwa goti. Jamaa akalala kwenye barafu kashika goti. Ukumbi wote kimyaa. Yule kaka Mkongo akasema "Ndugu, huyu kwisha", nikamwambia acha uchuro kaka. Baadae kidogo Arber Xhekaj wa kwetu akamrukia Paré na mangumi, watu wakaamka kushangilia kama goli, na mimi nikiwemo siwezi kuficha. Laine alirudi tarehe 3 Desemba, na siku hiyohiyo akafunga, ila miezi miwili ilishapotea kwa mechi ambayo haina hata pointi.

Mi simwiti Paré muuaji, nimerudia video mara kibao na naona alichelewa, mwenzake alikata kona ghafla. Tatizo langu ni mechi zenyewe. Unamchukua mtu ambaye hajui kama wiki ijayo yuko NHL au anarudishwa ligi ya chini, unamwambia onyesha ulichonacho, halafu unamweka na mtu mwenye mkataba wa mamilioni ambaye anacheza robo mwendo ili asiumie. Mmoja yuko fainali, mwingine yuko mazoezini. Lazima mtu avunjike hapo.

Na sio madogo tu. Raffi Torres wa San Jose, mkongwe kabisa, 2015 alimkumba Jakob Silfverberg wa Anaheim kichwani kwenye mechi ya maandalizi, akafungiwa mechi 41, nusu ya msimu. Tom Wilson wa Washington 2018 akamfanyia hivohivo Oskar Sundqvist wa St. Louis, akapewa mechi 20, akakata rufaa ikashushwa kuwa 14 wakati ameshakaa nje 16 tayari 😂 Sheria ya kukumba kichwani ipo tangu 2010, baada ya Matt Cooke wa Pittsburgh kumzimisha Marc Savard wa Boston na asipewe adhabu yoyote, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui. Ila adhabu inategemea sana historia ya mtu, so mwenye rekodi safi anaweza kukuumiza vibaya akarudi wiki ijayo, hapo ndo huwa nachukia. Goti la mwenzako halisomi rekodi.

Mazuri yapo pia nisiwe mnafiki. Siti za karibu na kioo kinachozunguka uwanja ambazo msimu ukianza hugusi, hapa unapata kwa hela ya kueleweka, na ile sauti ya mtu kupigizwa ubaoni ukiwa mita mbili kutoka pale sio kama TV hata kidogo, utaelewa kwa nini naongelea vichwa. Watoto watafurahi, foleni fupi, metro mpaka mlangoni.

Kuanzia msimu wa 2026-27 maandalizi yanapunguzwa kuwa mechi 4 tu kwa timu, msimu unakuwa mechi 84, kwa hiyo hizi tiketi za bei poa zitakuwa chache. Ukizitaka wahi, chukua ya mechi za mwishoni ambazo makocha wanachezesha kikosi karibu na cha kweli, na jezi ya staa mpya usinunue mpaka Oktoba.