CT au MRI kwa mzee anayesahau?
Bibi wa Kibokoni akianza kuuliza swali moja mara tano kabla kahawa haijapoa, jamaa hubishana apigwe picha gani ya ubongo: CT au MRI? CT hutumia eksirei na huisha kwa dakika chache. Kama mzee alianguka bafuni, ianze hiyo, maana damu iliyovuja kichwani huonekana upesi. Kwa usahaulifu wa polepole, mimi naegemea MRI, picha inayopigwa kwa sumaku kali. Haina mionzi ya eksirei. Huonyesha vizuri hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, na mwanafizikia wa tiba anaweza kuipima ujazo aone inavyosinyaa. Taabu yake? Kelele kama za fundi mabati, nusu saa hivi bila kujitikisa, na bangili zote zivuliwe mlangoni. Mwenye betri ya moyo aseme mapema.