Kurekebisha makadirio ya kodi yaliyotumwa kimakosa: uzoefu wangu na mshauri wa kodi hapa Dodoma

Kwa wenye haraka: kama makadirio ya kodi ya kampuni yako yametumwa na makosa na tarehe ya kulipa awamu bado haijafika, usikimbilie kulipa. Yanarekebishika. Mimi nilimlipa mshauri wa kodi shilingi 150,000 kwa kazi hiyo na nampa nyota nne kati ya tano. Jina lake silitaji, maana nina malalamiko juu yake vilevile, na mji wetu huu mtu akitajwa asubuhi, jioni ameshasikia.

Sisi ni watu wa chakula. Mimi na mdogo wangu tuna kampuni ndogo, tunapikia semina, vikao na sherehe, na wateja wetu wakubwa ni ofisi za serikali kule Mtumba. Anayeijua Dodoma anajua kwamba mwaka wetu hauendi sawasawa. Januari na Februari unapanga masufuria na kuyapangua. Bunge la Bajeti likianza Aprili, hulali mpaka Juni iishe. Sasa kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu ni Januari hadi Desemba inatakiwa iwe imewasilisha makadirio ya kodi ya mapato kufikia 31 Machi, kabla msimu haujaanza. Unakadiria faida ya mwaka mzima, unatoa asilimia 30, unagawa kwa nne, halafu unalipa kila robo: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba.

Fomu yetu aliijaza kijana mmoja wa steshenari, ambaye mtaani kwetu ndiye "mtu wa TRA" (Mamlaka ya Mapato) wa kila mwenye duka. Alichofanya ni kuchukua mauzo tuliyotarajia, milioni 84, na kuyaweka kwenye nafasi ya mapato yanayotozwa kodi. Mchele, nyama, gesi, posho za wapishi, kukodi gari la kubebea vyombo, hakuna hata senti iliyotolewa. Kodi ya mwaka ikatoka 25,200,000 na awamu ya kwanza 6,300,000. Faida tuliyoitarajia ilikuwa milioni 9. Kodi yake ni 2,700,000, yaani 675,000 kwa awamu. Mdogo wangu alipoiona ile kumbukumbu namba ya malipo yenye milioni sita na ushee, alidhani ni wale matapeli wa "tuma kwenye namba hii".

Kijana nilipomfuata hakushtuka. "Dada, we lipa tu, mwisho wa mwaka si watakurudishia." Ushauri huo ndio ulionifanya nitafute mtu mwingine. Ni kweli kodi iliyozidi haipotei, lakini hesabu za mwisho za kampuni zinawasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, na hapo ndipo unapoanza kuzungumzia kilichozidi. Milioni sita hiyo ndiyo mtaji wetu wa kuingilia Bunge. Nikiitoa Machi, Aprili ninapika nini?

Mshauri niliyeelekezwa ni mzee mmoja, mhasibu mstaafu, ana chumba ghorofani maeneo ya Majengo, ngazi zake nyembamba na zenye giza. Kabla ya kukaa niliangalia ukutani: cheti cha CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, cha bodi ya wahasibu, NBAA, na usajili wa ushauri wa kodi, vyote vipo. Na wewe angalia hivyo hivyo, usione haya. Mshauri wa kodi anatakiwa awe amesajiliwa, na anayejaza fomu kwa ukarimu tu leo, kesho mambo yakiharibika hutampata wa kumuuliza.

Kilichonivutia ni kwamba hakugusa kompyuta. Aliichukua ile karatasi niliyochapisha, akatoa biro nyekundu, akaizungushia milioni 84. Kisha akageuza karatasi na upande wa nyuma akaandika bei ya sahani moja, akaniuliza ndani ya sahani hiyo kuna nini na nini. Tukaanza na mchele. Aliuliza hadi maji ya kunawa na tishu. Tulipofika mwisho nilikuwa nimeiona faida yangu ya kila sahani, kitu ambacho, nasema kweli, tangu tuanze biashara sikuwahi kukaa nikakiandika.

"Mama, hii umeshalipa?"

"Bado, mzee."

"Tarehe haijafika?"

"Haijafika."

"Basi hapa hakuna kesi."

Kisha akaeleza, na hapa ndipo laki moja na nusu yangu ilipokwenda. Watu wengi wakiona kodi kubwa wanaambiana "andika pingamizi". Pingamizi ni la pale mamlaka yenyewe inapokutathmini nawe hukubaliani nayo. Lina siku 30 tangu upewe taarifa, na ili lipokelewe unatanguliza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kile kiasi usichobishania, ipi kubwa, isipokuwa kamishna akiona sababu ya kukupunguzia au kukusamehe. Theluthi ya 25,200,000 ni 8,400,000. Yaani ningegonga mlango huo, ningekuwa nadaiwa kitangulizi kikubwa kuliko ile awamu ninayoikimbia! Makadirio niliyoyatuma mwenyewe yana njia nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu anayelipa kwa awamu kuwasilisha makadirio mapya pamoja na maelezo ya sababu, na hayo mapya yanatumika kwa awamu zinazofuata baada ya kuyawasilisha. Kwa kuwa 31 Machi ilikuwa bado mbele, hata awamu ya kwanza ingeingia humo. Ingepita, hiyo ya kwanza ingebaki deni na riba juu yake, tukarekebisha tatu zilizobaki.

Kilichotuchelewesha ni kitu kingine kabisa. Tulipojaribu kuingia kwenye akaunti ya kampuni mtandaoni, ujumbe wa namba za kuthibitisha haukuja kwangu wala kwa mdogo wangu. Ulikuwa unakwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari! Siku alipotufungulia akaunti aliweka namba yake na barua pepe yake, na neno la siri alikuwa nalo yeye. Kampuni ni yetu, TIN, namba ya mlipakodi, ni yetu, ufunguo anao mtu wa kutoa fotokopi. Ilibidi niende mwenyewe kama mkurugenzi, nikiwa na kitambulisho cha NIDA na karatasi za usajili wa kampuni, ili mawasiliano yabadilishwe. Dirishani nilisikilizwa vizuri. Lakini kama ningekuwa safarini wiki ile, sijui. Ukimaliza kusoma hapa, angalia akaunti yako imesajiliwa kwa namba ya nani.

Mzee naye aliniomba neno la siri jipya, "ili nimalizie kazi usiku". Nilikataa. Hakununa. Tukakubaliana mimi nibonyeze, yeye akae pembeni akisoma takwimu kwa sauti, na ndivyo tulivyofanya.

Barua ya sababu aliiandika fupi, ukurasa mmoja: kwamba takwimu ya mauzo iliingizwa kwenye nafasi ya mapato yanayotozwa kodi, kwamba makadirio sahihi ni haya, na mchanganuo wake huu hapa. Tukaambatisha hesabu za mwaka uliopita, jedwali la gharama na mikataba miwili ya chakula. Mimi nilitaka tueleze na habari za kijana, mzee akazikata zote. "Hawa wanataka namba, hawataki ugomvi wenu."

Jambo jingine alilonizuia nalikumbuka kwa heshima. Nilipoona makadirio yanabadilika, tamaa ikaniingia, nikasema basi tuweke faida milioni 5, awamu iwe nyepesi zaidi. Akaweka biro chini. Aliniuliza Bunge likienda vizuri, hiyo tofauti nitaificha wapi. Ukikadiria chini mno na kodi halisi ikaja juu, kuna riba ya kukadiria pungufu. Tukabaki na 9. Akasema mambo yakibadilika katikati ya mwaka tunaweza kuwasilisha mengine, mradi sababu ziwepo. Akanikumbusha pia hati za kodi ya zuio, zile tunazopewa ofisi za serikali zinapotukata kwenye malipo: kilichokatwa ndani ya mwaka kinahesabika kama kodi tuliyokwisha kulipa, kinapunguza awamu zinazokuja. Zetu zilikuwa zimelala kwenye droo ya jikoni pamoja na menyu za zamani.

Marekebisho yalipita kabla ya Machi kuisha. Ile 6,300,000 ikaondoka, tukapata kumbukumbu namba ya 675,000, tukailipa kwa simu.

Sasa malalamiko. Mwanzoni aliniambia 100,000. Barua ilipokwisha, ikaongezeka 50,000 "ya uandishi". Angesema mapema ningelipa bila neno, kazi yenyewe ilistahili. Kuongezewa katikati ndiko kulikoniudhi, hasa na mtu aliyetoka kunifundisha kupanga bei ya sahani. Kaa naye, mwambie akuandikie bei yote kwenye karatasi kabla hajaanza. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alinipa ya 150,000 kamili, lakini baada ya kuiomba. La pili ni simu. Wiki ya mwisho ya Machi hapokei kabisa. Unapanda zile ngazi, unakuta foleni ya wenye kampuni kila mmoja na bahasha yake, na katibu wake, binti mpole sana, hana analolijua zaidi ya "mzee anakuja". Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea.

Kijana wa steshenari bado tunampelekea fotokopi na kuchapisha menyu. Fomu za kodi, hapana. Hesabu za mwisho za mwaka, ambazo kwa kampuni zinatakiwa ziandaliwe au zithibitishwe na CPA, tumempa mzee, na safari hii bei iko kwenye karatasi yenye saini yake. Ukitaka kumpata au kupata mwenzake wa aina hiyo, nenda Februari. Na uende asubuhi, maana baada ya saa saba mchana chumba kile kinakuwa tanuri, na feni anayo moja, imeelekezwa kwake.