Shule moja ya serikali Kihonda: wanafundisha mpaka siku ya kufunga

Kama unatafuta shule ya msingi hapa Morogoro, usiende kuiangalia Januari. Januari kila shule inapendeza: madarasa yamefagiliwa, madaftari mapya, mwalimu mkuu anakupokea kwa bashasha. Nenda wiki ya mwisho ya Novemba, saa nne asubuhi, mtihani wa kufunga mwaka ukiwa umeshapita. Ukikuta watoto wako darasani na mwalimu yuko ubaoni, hapo mwandikishe mwanao.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare. Msimu wangu unaanza Oktoba na kukolea Novemba, wazazi wakianza kuleta tetroni ya bluu na watoto wao kupimwa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mimi najua mapema sana ni shule gani zimeshaachia. Mtoto anaingia saa tatu asubuhi amevaa sare, daftari hana. Ukimuuliza mbona hayuko shule, anakujibu: "Tumeshamaliza mtihani, mwalimu amesema tucheze tu." Wengine wanapita na fagio za chelewa na mafyekeo, wametoka kufyeka nyasi za uwanja tangu asubuhi, na kesho watafyeka tena. Shule waliyoanzia wanangu kabla hatujahamia Kihonda ilikuwa ya namna hiyo. Mtihani ukiisha, masomo yameisha. Walimu wanajifungia ofisini kusahihisha na kujumlisha alama, watoto wanajaa uwanjani, wakubwa wanawaonea wadogo, na ikifika saa sita nusu ya darasa imeshatoroka. Kalenda ya wizara inataka siku 194 za masomo kwa mwaka. Ukizitoa siku za namna ile, sijui mwanangu alibaki na ngapi.

Shule ninayoielezea leo ni ya serikali, si ya kulipia. Darasa la binti yangu lina watoto zaidi ya 80, wanakaa wanne wanne kwenye dawati. Jina siliandiki kwa sababu nina malalamiko mawili nitakayoyasema huko mbele, na sitaki mwalimu yeyote aitwe ofisini kwa maneno yangu. Lakini wanachokifanya Novemba kinastahili kusemwa hadharani.

Kikubwa kuliko vyote ni karatasi za mtihani. Shule nyingi karatasi zikishasahihishwa zinakaa ofisini, mzazi anaona tarakimu tu kwenye ripoti: Hisabati 31, Kiswahili 44, nafasi ya 27. Hapa karatasi inarudi mezani kwa mtoto, na mtihani wenyewe ndio unakuwa somo la siku zilizobaki. Nilikaribishwa nikakaa nyuma ya darasa la tatu kipindi cha Hisabati. Swali lilikuwa la kutoa: 7,002 toa 3,468. Mwalimu aliandika ubaoni jibu lililotolewa na watoto wengi, 4,466, bila kumtaja yeyote. Kisha akauliza: "Huyu aliyepata hivi alifikiri nini?" Hakuuliza nani amekosa. Darasa likanyamaza kidogo, halafu mikono ikaanza kunyooshwa. Mtoto mmoja akasema, "Amechukua nane akatoa mbili, kwa sababu mbili ni ndogo." Ndivyo ilivyokuwa: kila safu walikuwa wanatoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu.

Mwalimu akawagawa. Waliopatia, kila mmoja alipewa mtoto wa kumwelekeza. Waliokosa kwa namna ile ile akawakusanya mbele, akachora safu za maelfu, mamia, makumi na mamoja, akawaonyesha taratibu jinsi unavyokopa kwenye maelfu pale mamia na makumi yanapokuwa sifuri: elfu moja inakuwa mamia kumi, unachukua mia moja inakuwa makumi kumi, unachukua kumi moja unaipeleka kwenye mamoja. Mbili inakuwa kumi na mbili, toa nane, nne. Binti yangu alikuwa kwenye kundi hilo. Nilimwona anahesabu kwa vidole chini ya dawati, anafuta, anaandika tena, mpaka akaipata 3,534. Kisha mwalimu akawapa maswali mengine matano ya aina hiyo hiyo, yenye sifuri katikati, akapita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu.

Kwenye ushonaji tunasema fundi anajulikana kwa kufumua, kwa sababu mshono uliokaa vibaya ukiuacha utapasuka mbele ya watu. Kipindi kile kilikuwa cha kufumua. Na hakuna wakati mwingine wa mwaka ambao mwalimu anapata nafasi ya kufanya hivyo, maana kuanzia Januari anakimbizana na mada mpya. Wanaosema kwamba baada ya mtihani hakuna cha kufundisha wangekaa kwenye lile benchi la nyuma dakika arobaini tu.

Jambo la pili ni jinsi wanavyotumia nafasi inayoachwa na darasa la saba. Wote tunajua darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, siku mbili, kisha wanaondoka. Kuanzia hapo shule inabaki na vyumba vitupu na walimu ambao vipindi vyao vimepungua. Mwisho wa Oktoba darasa la nne nao wanamaliza upimaji wao wa taifa. Katika shule nyingi hiyo ndiyo dalili ya mwaka kulegea: walimu wanaonekana wamepumua, na watoto wadogo wanaiga. Hapa mwalimu wa taaluma anabandika ratiba mpya mlangoni, na walimu waliokuwa wa darasa la saba wanashushwa madarasa ya chini. Chumba kimoja kilichobaki kitupu kinageuzwa cha kusomea. Wametandika mikeka, vitabu vya hadithi vimepangwa kwenye maboksi, na kila darasa lina kipindi chake cha kuingia.

Anayefaidi zaidi ni mwanangu mdogo, yuko darasa la kwanza. Darasa la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto asiyejua kusoma akipandishwa darasa la pili hivyo hivyo anaendelea kubebwa mpaka la nne ambako upimaji wa taifa unamkamata. Mwanangu alikuwa anasoma vizuri baba, kaka, samaki. Akifika kwenye mwalimu au ng'ombe anakwama, anaangalia juu, anabahatisha. Mwalimu mmoja wa darasa la saba, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliwachukua watoto wa aina yake kikundi kidogo kila asubuhi kwenye chumba kile cha mikeka. Silabi zile ngumu tu: mwa, nywe, ng'o, mbwa. Anaandika kwenye vipande vya boksi la sabuni, watoto wanavipanga wenyewe wanaunda maneno. Kwenye darasa la watoto 80 na zaidi hilo haliwezekani Machi wala Julai. Novemba linawezekana, kwa sababu mwalimu wa ziada yupo na chumba kipo. Siku ya kufunga shule mwanangu alinisomea bango la duka la dawa njia nzima ya kurudi nyumbani, akanidai nisimame mpaka amalize.

Tena kuna makabidhiano. Mwalimu wa darasa la kwanza ana daftari ambalo ndani yake kila mtoto ana mistari yake michache: huyu bado hajashika mwa na nywe, huyu macho yanamsumbua akae mbele, huyu anachelewa kwa sababu anaishi na bibi ng'ambo ya reli. Mwalimu atakayewapokea mwakani anakuja kufundisha kipindi kimoja kimoja wiki ya mwisho, daftari lile liko mkononi. Watoto wanafunga shule wanamjua mwalimu wao wa Januari. Mimi mwenyewe nilipewa karatasi ndogo, imeandikwa kwa mkono, ya mambo ya kumsomesha mtoto likizo. Haikuwa kazi ya likizo ya kurasa ishirini ambayo mwisho wake anaifanya dada mkubwa. Iliandikwa tu asome kwa sauti kila jioni, na ni silabi zipi nimsikilize kwa makini.

Mahudhurio wanayasimamia kweli. Rejista inaitwa asubuhi na inaitwa tena baada ya mapumziko, mpaka siku ya mwisho, na asiyekuwepo mzazi wake anapigiwa simu. Hapa ndipo lazima niseme na sisi wazazi. Novemba ikikata, wenzetu wa Kilimanjaro wameshaanza kutafuta tiketi kabla nauli hazijapanda, wengine wanawapeleka watoto kwa babu Matombo au Mgeta wakasaidie shamba maana mvua za vuli zimeanza. Mtoto anaondolewa shule haijafungwa kwa sababu "mtihani si wameshafanya." Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu alisimama akasema: "Mama zangu, baba zangu, mimi nitawaweka walimu darasani. Ninyi niwekeeni watoto." Alisema kwa heshima, lakini baadhi ya wazazi walinung'unika. Mimi niko upande wake kabisa. Shule haiwezi kufundisha madawati.

Sasa malalamiko yangu.

La kwanza ni uji. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na serikali inatoa fedha za ruzuku zinazokadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini uji tunachangia wazazi. Mwezi wa mwisho wazazi wengi wanaacha kuchanga, na kamati ya shule inausimamisha kwa watoto wote. Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Huwezi kupanga ratiba nzuri namna ile, ukamleta mwalimu wa darasa la saba kufundisha silabi, halafu saa tano mtoto wa miaka sita ana njaa anainamia dawati. Nilimwona mwenyewe mtoto wa jirani yangu amelala juu ya karatasi yake ya mtihani. Mchango ukusanywe mwanzoni mwa muhula, Julai, kabla watu hawajaanza kuhesabu fedha za sikukuu. Mimi niko tayari kutoa wangu wote kwa mkupuo.

La pili ni mazoezi ya sherehe. Wana sherehe ya kufunga mwaka, ngoma, kwaya, maigizo, wageni wanaalikwa. Sherehe naipenda, na watoto wanaocheza ngoma wanajifunza mengi hapo. Ila watoto wa kwaya wanatolewa darasani katikati ya vipindi, tena mara nyingi ni wale wale, na baadhi yao ndio waliohitaji lile kundi la mbele la Hisabati. Mazoezi yawekwe baada ya vipindi. Nilimweleza mwalimu wa darasa, alinisikiliza vizuri na kuandika. Bado naona wanatolewa.

Zaidi ya hayo sina la kuwalaumu. Kufyeka wanafyeka, usafi wanafanya, lakini asubuhi kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza na jioni kabla ya kuondoka, kama siku nyingine yoyote ya mwaka. Walimu wanasahihisha kwa zamu: wawili wako ofisini na karatasi, wengine wako darasani. Kupanga zamu kama hiyo hakuhitaji bajeti wala mfadhili. Kunahitaji mwalimu mkuu anayetembea koridoni, na huyu anatembea. Nimepita pale na vifurushi vya sare saa tofauti tofauti, mara nyingi nimemkuta amesimama mlangoni mwa darasa anasikiliza.

Wanaofikiria kuwaleta watoto: uandikishaji wa darasa la awali na darasa la kwanza huanza Oktoba, awali kwa mtoto wa miaka mitano na darasa la kwanza miaka sita, na cheti cha kuzaliwa kinahitajika. Nenda mapema kwa sababu madarasa ya chini yanajaa. Ukifika omba kuonyeshwa ratiba ya wiki za mwisho, na uulize kama karatasi za mtihani watoto wanarudishiwa. Anayehamisha mtoto kutoka shule nyingine aanzie kwa mwalimu mkuu wa huko anakotoka, maana uhamisho siku hizi unapita kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza taarifa za wanafunzi. Hakikisha jina la mtoto kwenye mfumo linafanana herufi kwa herufi na la kwenye cheti, na lishughulikie kabla shule hazijafungwa Desemba, kwa sababu ofisi ikishafungwa utasubiri mpaka Januari.