Biti za kila kitu kwenye nyumba za Lamu: chukua ya 6 na ya 8, boksi liache dukani

Nyumba moja ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, inaweza kukudai matundu ya aina tano kabla ya adhuhuri: ukuta wa mawe ya matumbawe, fremu ya mbambakofi, kigae cha bafuni, skwea tyubu (bomba la chuma la mraba) ya dirisha, na bloki za simenti za kile chumba kilichoongezwa juu. Kwa biti za kawaida za drili, hapo unabeba seti tatu na unabadilisha kila dakika kumi. Biti za matumizi mengi, ambazo madukani zinauzwa kwa jina la biti za kila kitu, zinaahidi kuyamaliza yote kwa ncha moja. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa vitu vitatu kati ya hivyo vitano. Kwa mbao ni nusu ya kweli, na kwa kigae inategemea kigae chenyewe.

Inayojulikana zaidi ni Bosch MultiConstruction. Alpen ya Austria nao wanayo ya kwao, na Milwaukee pia. Zote zimejengwa kwa wazo moja, kwa hiyo yanayofuata yanazihusu zote, mradi biti iwe ni ya kweli.

Biti ya ukuta ya kawaida ina kipande cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kichwani, lakini kipande hicho ni butu kwa makusudi. Haikati, inagongwagongwa na drili hadi jiwe livunjike kuwa unga. Biti ya chuma, kwa upande wake, ina makali mazuri ila mwili wake hauwezi mchanga: sekunde chache kwenye bloki na pembe zake zimeliwa. Hii ya kila kitu imechukua kabaidi ya biti ya ukuta na kuinoa kwa makali ya biti ya chuma. Ukiishika juani utaona kichwa cha kijivu kilichokolea, chini yake mstari mwembamba wa rangi ya shaba pale kilipounganishwa na shina, na kingo mbili zinazoweza kukukwaruza ukucha. Kama ukucha unateleza bila kukwaruzwa, hiyo ni biti ya ukuta iliyopakwa rangi ya kupendeza. Rudisha.

Kwa Lamu, faida kubwa ya makali hayo haimo kwenye chuma wala mbao. Imo kwenye ukuta wa kale.

Ukuta wa matumbawe una unene wa karibu nusu mita, na ndani yake hakuna kitu kimoja. Kuna jiwe, kuna chokaa iliyoshikilia mawe, kuna mapango madogo ambako matumbawe yenyewe yalikuwa wazi, na juu yake plasta ya chokaa iliyopakwa tabaka kwa tabaka. Vyote hivyo ni laini ukivilinganisha na zege. Anayewasha kipigo cha drili, yaani kugonga kama nyundo huku ikizunguka, kwenye ukuta kama huu anatumia nguvu isiyohitajika, na plasta ndiyo inayolipa: inabanduka kipande cha ukubwa wa sahani, tundu linakuwa na mdomo mpana kama faneli, na plagi uliyoitia, kile kidude cha plastiki cha kushikia skrubu, inazunguka nayo badala ya kushika. Kisha watu husema ukuta wa mawe haushiki kitu. Unashika, ila haukutobolewa, ulipigwa.

Biti ya kila kitu inaupekecha ukuta huu bila kipigo hata kidogo. Weka drili kwenye alama ya kutobolea mbao, mwendo wa kati, mizunguko kama 800 hadi 1,000 kwa dakika kwa biti ya milimita 6. Anza polepole hadi ncha ipate kikao chake, halafu sukuma kwa mkono mmoja tu nyuma ya drili. Mkono wa pili uishikilie isiyumbe. Kila ukizama sentimita moja, vuta biti nje ikiwa bado inazunguka ili unga utoke. Usipovuta, unga wa chokaa wenye unyevu hujibana kwenye mifereji ya biti, biti inapata moto, na tundu linapanuka.

Angalia unga unaotoka. Mweupe na laini kama unga wa ngano: bado uko kwenye plasta au chokaa, na plagi isiishie hapo. Wa chembechembe, rangi ya mchanga wa ufuoni: umefika kwenye jiwe. Biti ikidumbukia ghafla bila upinzani, umeingia pangoni. Pango dogo si balaa ikiwa jiwe linaendelea mbele yake, ndiyo maana kwenye kuta hizi plagi fupi ya sentimita tatu haina kazi. Tumia ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 80, skrubu ya milimita 6, na tundu lizidi plagi kwa sentimita moja ili unga uliobaki upate pa kukaa. Pulizia tundu kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, labda uwe unapenda chokaa machoni.

Pango likiwa kubwa, usilijaze simenti. Simenti ni ngumu kuliko kila kilichoizunguka na haipitishi unyevu kama chokaa. Baada ya misimu miwili ya mvua, plasta ya pembeni yake huanza kutoa chumvi na kumomonyoka. Jaza chokaa iliyochanganywa na mchanga laini, ishindilie, na uwe na subira, maana chokaa hukauka kwa siku, si kwa saa. Kwa kitu kizito kama tangi dogo au kabati la jikoni, tumia gundi ya nanga, ile inayogandisha skrubu ukutani, pamoja na soksi yake ya plastiki yenye matundu. Bila soksi gundi yote inamwagikia pangoni. Na sehemu ambazo hazitobolewi kabisa unazijua: vidaka, plasta ya nakshi, miimo ya milango ya kuchonga. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mwenye nyumba humo hubadilisha ukuta baada ya kuzungumza na watu wa makumbusho.

Bloki za simenti hazina mengi. Hapa washa kipigo, mwendo wa juu kidogo, na biti inaingia vizuri. Lakini jua unachokilipia: kipigo kinakula makali yale yale uliyoyanunulia. Ukikutana na nondo, biti inaacha kuendelea na sauti inageuka kuwa mlio mkali. Acha papo hapo, sogea sentimita nne pembeni. Boriti za zege na nguzo ni kazi ya drili ya SDS, ile nzito ya nyundo, na biti zake, na aliye na matundu thelathini ya kutoboa kwenye zege asijidanganye kwa hii.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi una maana kuliko jina lililoandikwa kwenye shina. Biti ikiwa mpya, anza na chuma na mbao. Kisha kigae. Ukuta wa mawe baadaye, bloki mwisho. Ukianza na bloki asubuhi, jioni hiyo skwea tyubu itakukatalia na utasema kwamba biti ni mbovu. Bora zaidi ni kuwa na mbili za milimita 6, moja ukaipaka tone la rangi nyekundu kwenye shina: hiyo ni ya ukuta, haigusi kitu kingine.

Chuma cha kawaida kinakubali, kwa masharti. Zima kipigo. Gonga alama kwa msumari mgumu, kwa kuwa ncha hii huteleza juu ya chuma laini na kuchora mstari ambao rangi haitauficha. Tia matone mawili ya mafuta ya cherehani, mwendo wa 600 hadi 900 kwa milimita 6, na usukume hadi uone kinyweleo cha chuma kinatoka kimejikunja. Ukipata vumbi tu, unasugua, hukati. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili, punguza mkono. Hapo ndipo kabaidi inapomeguka, kwani kingo inanasa kwenye ukuta mwembamba wa tyubu. Alumini ya madirisha ni rahisi zaidi. Chuma cha pua, kile cha vifaa vya boti, kiache: kinajikaza pale biti inapokisugua bila kukikata, na kuigeuza biti kuwa msumari. Nunua biti ya kobalti ya saizi moja unayohitaji, izungushe taratibu na mafuta mengi.

Kwenye mbao tundu linapatikana, ila sura yake inategemea upande unaoutazama. Biti ya useremala ina kucha pembeni zinazokata nyuzi kabla ya kuzitoa. Hii haina, na inapotokea nyuma inachana. Funga kipande cha ubao chakavu nyuma kwa jiriwa, au toboa hadi ncha ichungulie tu, kisha umalizie kwa kuingia kutoka upande wa pili. Mbambakofi ni mgumu na unapasha joto haraka: ukisikia harufu ya kuungua, vuta biti nje uipumzishe, maana moto ukizidi, kiungo kile cha shaba kinaweza kulegea na kichwa kikabaki ndani ya fremu. Kwa mlango au samani ya kuonekana, biti ya useremala haina mshindani. Boriti za mkoko kwenye dari zitobolewe ubavuni, katikati ya unene wake; upande wa chini ndio unaobeba mvuto wa uzito wote wa dari, na tundu hapo ni ufa unaosubiri wakati wake.

Kigae kwanza kijue. Chukua kipande kilichobaki, tia tone la maji mgongoni. Likinywewa, ni kigae cha kawaida cha udongo na biti hii inakitosha: bandika tepu ya karatasi, kipigo kikiwa kimezimwa, mwendo wa polepole, maji baridi yakidondoka, na usibadilishe kitu chochote mpaka upite kigae chote. Tone likikaa juu kama kwenye jani la mgomba, ni porcelaini. Nyumba mpya za Malindi zimejaa hiyo. Kuna anayefanikiwa tundu moja kwa biti ya kila kitu, la pili linachukua dakika tano, la tatu linapasua kigae. Porcelaini inataka biti ya duara yenye almasi na maji muda wote.

Biti hizi nyingi zina shina la pembe sita, robo inchi. Zuri kwa sababu haliteleziki mdomoni mwa drili hata biti ikinasa. Baya ukilitia kwenye kile kishikio cha sumaku cha kufungia skrubu: linacheza, na tundu la 6 linatoka 7. Libane moja kwa moja kwenye drili, na kabla ya kutoboa izungushe hewani uone ncha haichori duara.

Kuhusu bei, biti moja ya aina hii ni ghali kuliko ya ukuta kwa mbali, na boksi lenye tano au zaidi linavutia jicho. Nyumbani, zinazotumika ni ya 6 na ya 8. Ya 4 na ya 10 zitakaa hapo zikiota kutu. Dukani, omba kuiviringisha juu ya kioo cha kaunta: iliyopinda inaonekana inarukaruka. Tazama kichwa kutoka juu, kipana kidogo kuliko shina, maana kikilingana na shina biti inabanwa tundu likiwa refu. Kwa anayeishi Lamu ukaguzi huu ni wa lazima, kwa sababu bidhaa mbovu iliyovuka gati la Mokowe, upande wa bara, hairudi kirahisi.

Kabaidi haili kutu upesi lakini shina linakula, na hewa ya chumvi haingoji. Kutu kwenye mifereji hushika unga na kuuzuia kutoka. Baada ya kazi futa kwa kitambaa chenye mafuta, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Na makali yakiisha, usimpe fundi wa gurudumu la kijivu: jiwe hilo halinoi kabaidi, linaipasha moto tu mpaka kichwa kidondoke. Inahitaji jiwe la kijani au la almasi. Kama hakuna karibu, ipake ile rangi nyekundu, iwe ya ukuta mpaka mwisho wake.