Kupiga picha nati zenye kutu: simu au lenzi ya makro?

Ukiingia uwanja wa Makumbusho ya Reli, Nairobi, macho yatakimbilia garimoshi 5918, Mount Gelai, lililoundwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950. Wewe inama. Utamu uko chini kwenye magurudumu, kwenye bolti zilizogandiana na nati zake.

Simu yenye makro, yaani uwezo wa kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, inaingia popote, hata kwenye upenyo ambao kamera kubwa haipiti. Tatizo, lazima uisogeze hadi sentimita mbili tatu, na hapo kivuli chake chenyewe kinaangukia nati. Tena inanoa picha kupita kiasi: unga laini wa kutu unageuka changarawe.

Lenzi ya makro ya milimita 100 inakuacha usimame mbali kidogo, mwanga upite ubavuni. Huo mwanga wa ubavuni ndio kila kitu. Asubuhi na mapema unaonyesha kila gamba la kutu lililobanduka na grisi kavu iliyojificha kwenye hesi. Lakini ukikaribia hadi nati ionekane kwenye sensa, kile kibamba cha kamera kinachonasa picha, kwa ukubwa wake halisi, hata kwa f/8 (tundu la lenzi likiwa limebanwa kiasi) kina kinachoonekana bila ukungu ni kama milimita 1 tu. Bila stendi, ukipumua tu umeikosa. Na bei yake, tusiseme.

Mimi natumia simu kutafutia pembe, kisha nafunga lenzi ya makro kwenye kamera. Kama ni kwa ajili ya WhatsApp, simu yatosha.