Boksi la safari, belti mbili zisizolingana, na "ndiyo maana" ya muuza spea

"Ndiyo maana." Maneno mawili tu, na hadi leo nikiyakumbuka mikono inanitetemeka kwenye usukani. Nitayafikia. Kwanza niseme nilinunua nini, maana najua wapo wa Arusha na Moshi watakaonunua kitu hichohicho likizo ikikaribia.

Kuna duka la spea hapa Arusha mjini, jina silitaji, linalouza kitu wanachokiita boksi la safari. Unawaambia gari lako ni lipi, wanakupangia kwenye boksi la bati vitu vya kubeba ukiingia porini: fenibelti, mipira ya rejeta ya juu na ya chini pamoja na klipu zake, filta ya dizeli, senta bolti na U-bolti za springi, fyuzi, tyubu, oili ya breki, waya wa kufungia. Wazo ni zuri kabisa. Nililipa Sh 380,000, na humo belti peke yake zilikuwa Sh 75,000. Sikuomba punguzo. Nilitaka vitu vya uhakika kwa sababu nilikuwa nabeba watoto.

Gari ni Land Cruiser mkonga, injini ya 1HZ, aliniachia marehemu baba. Wenye injini hii wanajua kwamba feni yake haizungushwi na belti moja. Ni mbili, zinakaa bega kwa bega kwenye puli, zinauzwa pacha na zinabadilishwa pacha. Moja ikizidi mwenzake hata kwa upana wa kidole, ukikaza, ile fupi ndiyo inayobeba mzigo wote, ndefu inapigapiga tu. Fupi inapata moto na inakatika. Na hizohizo belti ndizo zinazozungusha wota pampu na alternata inayochaji betri. Zikiondoka, maji hayatembei kwenye injini, na dereva asiyetazama geji anakuja kushtuka silinda hedi imeshapata ufa. Hapo husemi tena habari ya elfu sabini na tano.

Tulikuwa mimi, wifi yangu na watoto wanne, tunakwenda Ziwa Natron watoto wakaone heroe, yaani flamingo. Ilikuwa likizo, kiangazi kimeshika, tarehe sikumbuki. Makuyuni tukakata kulia, Mto wa Mbu tukajaza dizeli na maji, kisha tukashika njia ya Selela na Engaruka. Asiyeijua njia hiyo aelewe kwamba vumbi lake si la kawaida. Ni majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano. Linaingia kwenye kila tundu, linakaa kwenye puli, linasaga mpira kidogo kidogo. Na joto la lile Bonde la Ufa saa nane mchana ni la kuonea gari huruma.

Tumeshaipita Engaruka, mlima Lengai tunauona mbele, nikasikia kitu kimepiga boneti kwa ndani, paa! Nikasimama, nikazima. Belti moja ya zamani imekatika. Mwenzake ipo mahali pake, ina nyufa ndogondogo lakini nzima. Hata sikuogopa. Si nina boksi? Nikamwambia wifi, "Leta spana namba 12 na 14, nusu saa tunaondoka." Tukalegeza alternata, tukaitoa ile ya zamani, tukavika mpya mbili, nikakaza. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, moja ilikuwa ngumu sawasawa na nyingine ilikuwa na ulegevu kidogo. Nikajisemea mpira mpya, utakaa wenyewe ukipata joto. Hilo ni kosa langu na ninalikubali. Baba alinifundisha tofauti.

Wakati tunafunga boneti, kijana mmoja mchunga mbuzi, wa miaka kama kumi na miwili, alikuwa amesimama anatutazama. Akaniuliza, "Yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, "hiyo mpira unatupa?" Alitaka ya kufungia mzigo wa punda. Nikampa ile belti ya zamani, akaivaa begani kama mkoba, akaondoka na mbuzi wake.

Hatukumaliza kilomita kumi. Taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, na kabla sijamwambia wifi, mshale wa geji ya joto ukaanza kupanda. Nikazima gari palepale katikati ya njia. Nilipofungua boneti nikakuta fupi imekatika, imejiviringisha kwenye mwenzake na kuichana ubavu mzima, nyuzi nje. Belti mpya! Zimetoka kwenye plastiki saa ileile! Nikazichukua zote mbili mkononi nikazilinganisha. Ile ndefu ilizidi fupi kwa sentimita moja na nusu, labda zaidi. Kwenye boksi la karatasi namba ni sahihi, kibandiko kinachong'aa kipo, kila kitu kipo. Nikalowesha kidole gumba kwa mate nikapitisha juu ya maandishi ya belti. Yakafutika. Yakabaki madoa meupe kwenye kidole changu.

Mtandao hakuna. Kivuli hakuna, ila cha gari lenyewe. Mtoto mdogo wa wifi ana miaka mitatu, analia anataka maji, na mimi natazama yale madumu mawili nikihesabu: moja la watu, moja la rejeta. Mtu ambaye hajawahi kuhesabu maji namna hiyo hawezi kuelewa kwa nini nimeandika maneno marefu hivi juu ya kipande cha mpira.

Wifi ndiye aliyesema, "Ile ya zamani tumempa mtoto." Ikapita bodaboda imebeba magunia mawili, inaelekea Engaruka. Akapanda juu ya magunia. Nilibaki na watoto wanne kwa muda ulionishinda kuupima, jua likishuka kuelekea ukuta wa bonde. Aliporudi alikuwa ameishika ile belti mkononi. Walimkuta kijana hajafika mbali, yuko na mzee wake, na mzee alipoelezwa akaifungua mwenyewe kutoka kwenye mzigo wa punda. Hela alikataa. Aliomba dumu tupu lenye mfuniko, kama tunalo la ziada. Tulimpelekea siku ya kurudi, na lilikuwa limejaa.

Nikafunga belti moja, ya zamani, yenye nyufa. Nikakaza kwa kiasi, nikaendesha polepole, redio nimezima, madirisha wazi, jicho kwenye geji. Ikatufikisha Engaresero, kijiji cha pale ziwani, usiku. Na kesho yake watoto wakawaona heroe, mstari wa waridi mrefu kwenye maji, nami nililia kidogo, uchovu nadhani. Belti hiyohiyo moja ikaturudisha hadi Arusha, zaidi ya kilomita 200. Ile mpya ya elfu sabini na tano haikumaliza kumi.

Lakini niseme na haya, nisiwe mtu wa kuonea. Tukiwa tunarudi, karibu na Selela, gari likaanza kupoteza nguvu, likikohoa kila nikikanyaga mafuta. Nilikuwa nimeongeza dizeli ya madumu kijijini, na ilionekana ina maji. Nikachukua filta kutoka kwenye boksi lilelile la duka lilelile, nikabadilisha, nikapampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka ikawa ngumu, nikawasha. Likanguruma kama siku baba alipolileta nyumbani. Filta ile ilikuwa safi, nzito, sili yake imekaa vizuri. Mpira wa rejeta wa juu nao nimeshaufunga baada ya safari, hauvuji hata tone. Kwa sababu ya filta ile, nikiwa njiani hasira zangu zilikuwa zimeshalegea. Nilimwambia wifi, pengine wao wenyewe wameuziwa feki bila kujua, dukani vitu ni vingi. Nilipanga niwape nyota tatu na maneno ya kistaarabu.

Jumatatu au Jumanne nikaenda dukani. Nimebeba belti zote mbili, boksi lake la karatasi, na risiti ya EFD. Sikwenda kugombana. Siku ya kununua nilikuwa "mama karibu, mama kaa hapa, mletee mama soda". Siku hiyo nikawa "dada, pisha wateja kidogo". Nikapisha. Nikasubiri. Mwenye duka akazitazama belti bila kuzigusa, akaniuliza, "Nani alikufungia?"

Nikasema, "Nimefunga mwenyewe."

Akacheka, akamgeukia mteja aliyekuwa kaunta, mwanaume nisiyemjua, akasema, "Ndiyo maana."

Nikamwambia, kaka, zitundike kwenye msumari huo hapo nyuma yako, uone moja inavyoning'inia chini kuliko nyingine. Hakuna fundi duniani anayeweza kurefusha belti kwa kuifunga vibaya. Akasema, "Dada, mlete fundi wako tuongee naye, au mume wako." Akanionyesha kwa kidole karatasi ya ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikatoa risiti. Wameandika humo "spea mbalimbali", basi, hakuna neno belti. Yule mteja wa kaunta alicheka naye.

Nimeendesha gari miaka kumi na tisa. Baba aliendesha malori kutoka Moshi mpaka alipostaafu, na tangu nikiwa darasa la tano nilikuwa nalala chini ya gari kumshikia tochi. Nimebadilisha springi peke yangu kwenye matope ya Simanjiro. Na mtu aliyeniuzia mpira wa maandishi yanayofutika kwa mate anataka nimlete mume wangu aje azungumze habari ya gari ambalo mume wangu hajawahi hata kulifungua boneti!

Nyota tatu zile nimezifuta. Nimefuta na mbili.

Kuna kijana pale dukani, sitasema ni yupi kati yao wala nilimkuta wapi, aliniambia baadaye, "Mama, za namna hiyo chagua mwenyewe. Omba pacha tatu, zining'inize, chukua zinazolingana." Nilimshukuru, chalii yule ana roho nzuri. Lakini hebu fikirini maana yake. Maana yake ndani wanajua. Wanajua kwamba nyingine zinalingana na nyingine hazilingani, na bado wanazifunga kwenye boksi la bati na kumpa mtu anayekwenda mahali pasipo na mtandao.

Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kushughulikia bidhaa bandia, na kuna watu wamenishauri niende huko. Belti ninazo, boksi la karatasi ninalo. Kinachonisumbua ni hiyo risiti ya "spea mbalimbali". Kwa hiyo ukinunua, popote pale, simama hapohapo kaunta mpaka waandike jina la kitu na namba yake. Wakinuna, wanune.

Na jambo alilonifundisha baba, ambalo nililipuuza kwa haraka ya safari: spea mpya haikai kwenye boksi. Ifunge kwenye gari wiki mbili kabla, itembee hapahapa karibu, Sakina, Njiro, Usa River, na ile ya zamani iliyokwisha kukuonyesha kwamba inafanya kazi ndiyo uiweke kwenye boksi. Belti, mpira wa rejeta, hata filta. Ikiwa mpya ni feki itakukatikia karibu na gereji. Ningefanya hivyo, wifi asingepanda juu ya magunia. Hilo nalibeba mimi. Lakini kutolijaribu boksi ni uzembe, na kuliuza hali unajua ni kitu kingine, na sikubali mtu aviweke kwenye mizani moja.

Sasa mniulize, nitarudi dukani kwao? Jana ningesema kamwe. Leo nimezunguka maduka manne kutafuta filta kama ile iliyotuokoa Selela, sijaipata, na gari linakaribia kudai nyingine. Filta yao ni nzuri, siwezi kusema uongo. Huenda nikaenda, nikanunua filta moja, nikasubiri risiti iandikwe "filta ya dizeli", nikatoka bila kumsalimia. Belti nimeshanunua kwingine, pacha mbili, nimezitundika kwenye msumari wa jikoni kwangu tangu Ijumaa na zote nne zinagusa alama moja ukutani. Ya zamani, ile ya yule kijana, nimeifunga kwa kitambaa na kuiweka chini ya kiti cha dereva.