Duka la beringi na mikanda la mtaa wa viwanda, Kampemba: tathmini ya fundi wa kinu

Kinu cha kusagia mahindi kikisimama asubuhi, akina mama waliokwisha kupanga mabeseni yao hawamwulizi mwenye mali. Wanamwuliza fundi, na jibu la fundi hutegemea kama kipuri kitapatikana kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana nimeona inafaa niandike kuhusu duka moja dogo la beringi (ringi zenye gololi zinazobeba shafti, yaani mhimili unaozunguka) na mikanda lililoko mtaa wa viwanda, katika komine, yaani wilaya ya mji, ya Kampemba hapa Lubumbashi, ambako nimenunulia vifaa vya kinu chetu cha komine ya Katuba kwa muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na mapungufu yake.

Duka halina kibao. Utalitambua kwa mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu na kwa mafundi wawili watatu ambao hawakosi kusimama pale nje, kila mmoja ameshika kitu cheusi kilichofungwa kwenye kitambaa. Ndani kuna kaunta ya mbao iliyopigiliwa bati, na nyuma yake rafu zinazofika darini, zikiwa na maboksi yaliyopangwa kwa namba. Mwenyewe ni mzee ambaye sote tunamwita Papa, na binti yake ndiye anayepokea fedha na kuandika risiti.

Jambo la kwanza linalolitofautisha duka hili na meza za sokoni ni kwamba ukitaja namba tu huuziwi. Nilipoomba 6308 kwa mara ya kwanza, Papa hakugeuka kwenda kwenye rafu, akaniuliza: «Inakaa wapi, fundi? Kwenye mota au kwenye mashine?» Swali hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Beringi yoyote ya 6308, awe ameitengeneza nani, ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje cha milimita 90 na upana wa milimita 23, kwa hiyo itaingia mahali pake bila ubishi. Tofauti iko kwenye herufi zinazofuata namba. Isiyo na herufi za kifuniko iko wazi pande zote mbili, yenye ZZ imefunikwa kwa bati, yenye 2RS imezibwa kwa mpira, na C3 huonyesha kwamba nafasi kati ya gololi na ringi zake imeachwa kubwa kidogo kuliko kawaida, ili chuma kikivimba kwa joto beringi isibane. Anayefanya kazi kwenye kinu anajua unga unavyopenya: ni laini kuliko vumbi la barabarani, huingia kwenye beringi iliyo wazi, hukutana na grisi, na vyote viwili hugeuka ugali mgumu ambao hakuna gololi inayoweza kuzunguka ndani yake. Sokoni utaambiwa kwamba 6308 ni 6308. Kampemba utaulizwa kuhusu unga, kuhusu joto na kuhusu saa ambazo mota inafanya kazi kwa siku, kisha utapewa yenye mpira na yenye C3, au utaambiwa wazi kwamba ya aina hiyo imekwisha na urudi wiki ijayo.

Jambo la pili ni uhalisi wa bidhaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapoumizwa. Beringi bandia zenye majina makubwa zimejaa duniani kote, na boksi zuri si ushahidi wa kitu. Papa anakuruhusu kufungua boksi palepale kaunta, kuitoa beringi kwenye karatasi yake yenye mafuta na kusoma maandishi yaliyochorwa kwenye ringi kwa kioo cha kukuzia alichokifunga kwa kamba ili kisiondoke na wateja. Mwenye simu nzuri anaweza kwenda mbali zaidi. SKF wana programu iitwayo SKF Authenticate, ambayo hukuongoza kupiga picha za beringi na boksi na kuzituma kwa wataalamu wao, na Schaeffler, wenye chapa za FAG na INA, wana OriginCheck, inayosoma alama iliyochapwa kwenye boksi. Muuzaji ambaye hanuni ukitoa simu kufanya ukaguzi huo ni muuzaji wa kumrudia, na huyu hanuni.

Bidhaa zake ziko za daraja tatu, naye hazichanganyi. Kuna zenye majina yanayojulikana, kuna za bei nafuu kutoka China zinazobeba jina la kiwanda chao wenyewe bila kuiga la mtu, na kuna ndoo ya beringi zilizokwisha kutumika, ambazo huuzwa kwa ajili ya mikokoteni. Siku moja kijana alikuja akitaka ya ndoo kwa ajili ya pampu ya maji, kwa kuwa fedha zake zilikuwa chache. Papa aliichukua, akaishika kwa ringi ya ndani, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio, akairudisha kwenye ndoo. «Mwanangu, hii ni ya mkokoteni. Ukiifunga kwenye pampu utarudi hapa kunitukana.» Kijana aliondoka na ya Kichina, akabaki na deni dogo ambalo binti aliliandika kwenye daftari. Nasema dogo kwa sababu mkopo mkubwa hapo haupo, hata uwe mteja wa tangu zamani, na kwa mtu wa kinu ambaye malipo huja mwisho wa wiki hilo ni tatizo la kweli.

Bei ni kubwa. Beringi yenye jina hukaribia mara mbili ya ile ya sokoni, na bosi wangu, ambaye ni mama asiyependa kutoa fedha bila maelezo, aliwahi kunituma nikaulize mara ya pili kama sikusikia vibaya. Maelezo niliyompa ndiyo ninayompa msomaji. Beringi ya mota ikilika, rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, huteremka kidogo na kuanza kusugua sehemu isiyozunguka, na hapo mtu halipii beringi tena, analipia kusukwa upya kwa nyaya za mota nzima, pamoja na siku ambazo kinu kimefungwa na wateja wamehamia kwa jirani. Tangu hapo hajauliza tena, ila anataka risiti, na katika hilo binti wa Papa hana mfano: huandika namba yote pamoja na herufi zake, bei, na kiwango cha kubadilisha dola kwa franki cha siku hiyo. Ukilipa kwa dola, hakikisha noti haina hata mchaniko mdogo pembeni, kwa maana itarudishwa kwako kwa heshima zote, kama inavyorudishwa kila mahali mjini humu.

Kuna huduma ambayo haimo kwenye bei yoyote, nayo ni vipande vya bomba. Chini ya kaunta Papa ameweka sanduku la mabomba ya chuma yaliyokatwa mafupi, ya vipenyo mbalimbali, na ukinunua beringi anakuchagulia kimoja kinachokaa sawasawa juu ya ringi ya ndani, ukitumie kuiingiza kwenye shafti kisha ukirudishe utakapopita tena. Anayejua kazi anaelewa thamani yake. Ukipiga ringi ya nje ili kuisukuma beringi kwenye shafti, pigo hupita kwenye gololi na kuacha vidonda vidogo kwenye njia zake, na beringi iliyotoka kwenye boksi asubuhi inaanza kunguruma jioni ileile, halafu lawama zote kinabebeshwa kiwanda. Kwa beringi kubwa zilizo wazi atakushauri uzipashe moto kwenye mafuta, zisipite nyuzi joto 110 hivi, na atakukataza kabisa kuelekeza mwali wa gesi kwenye chuma. Zenye mpira hazitumbukizwi kwenye mafuta ya moto hata kidogo, maana mpira huharibika na grisi iliyowekwa kiwandani hutoka. Ushauri huu hutolewa hata kwa mtu aliyenunua beringi moja ya bei ya chini.

Sasa mapungufu. Grisi yake ni ya lithiamu, namba 2, ambayo ndiyo inayofaa kwa kazi nyingi za kinu, lakini anayenunua kidogo huchotewa kutoka kwenye kopo kubwa linalokaa wazi karibu na mlango. Katika miezi ya kiangazi, vumbi jekundu la Lubumbashi linapoingia hadi ndani ya sahani ya bukari, yaani ugali, kopo hilo si mahali pa kuchota kitu utakachokiweka katikati ya gololi. Nunueni kopo dogo lililofungwa, au msinunue hapo.

Mikanda ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Imetundikwa kwenye misumari pembeni ya mlango, mahali ambapo jua huipiga tangu asubuhi, na mpira unaokaa juani hukauka na kupasuka kabla haujavishwa puli. Kinu chetu hutumia mikanda ya B, yenye upana wa milimita 17 kwa juu, ambayo namba yake hutaja urefu wake kwa inchi. Mikanda inayofanya kazi pamoja kwenye puli moja inapaswa kubadilishwa yote kwa wakati mmoja na kuwa ya kiwanda kimoja, kwa sababu ukichanganya mpya na ya zamani iliyokwisha kurefuka, mpya hubeba mzigo wote peke yake na kukatika mapema. Papa anajua hivyo, na bado mara nyingi utamkuta na miwili ya chapa moja na mmoja wa chapa nyingine, akikushauri kwa sauti ya chini uitafute mingine kwingine. Unyoofu huo ni wa kusifiwa, lakini kinu hakiendeshwi na unyoofu. Mikanda yangu naitafuta soko la Kenya, yaani la komine ya Kenya hapahapa mjini, kwa wauzaji wanaoihifadhi ndani ya mifuko, naikunja kwa mkono kutazama kama kuna nyufa, na nikishaifunga naibonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili: kwa kila mita ya umbali kati yake, mkanda unatakiwa kushuka kama milimita 16, usizidi sana wala usipungue sana.

Saizi kubwa nazo ni taabu. Beringi zenye vikalio vyake, zile za UCP, anazo hadi 210, yaani ya shafti ya milimita 50. Juu ya hapo huagizwa, mzigo hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na siku ya kufika hakuna anayeweza kuitaja. Jumapili duka hufungwa kwa ajili ya ibada, jambo ambalo siwezi kulilaumu, ingawa sijui ni kwa nini mashine zetu hupenda kuharibika Jumamosi jioni. Nafuu moja ni kwamba unaweza kumtumia binti picha ya namba kwa simu naye akakujibu kama ipo au haipo, hivyo hutoi nauli ya pikipiki bure.

Siwezi kuacha kumtaja mama anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, chini ya mwembe mkabala na duka, kwa kuwa kwa wengi wetu hiyo ndiyo sehemu ya safari inayongojewa. Hapo hukaa mafundi wa mikate, wa mbao na wa pampu wakisubiri zamu yao kaunta, na mazungumzo yao yana faida kuliko karatasi nyingi za kiwandani. Hapo ndipo nilipoelezwa habari za kifaa kidogo kinachozima mota pale umeme unaporudi ukiwa umepoteza fezi moja, yaani moja ya njia tatu za umeme wa mota, hali ambayo mota huguna bila kuzunguka na kuungua kwa muda mfupi sana. Papa hakiuzi, lakini atakuelekeza kwa anayekiuza.

Beringi ya mwisho niliyonunua hapo iko kwenye mota ya mashine yetu kubwa. Baada ya kuifunga niliiacha ifanye kazi saa nzima na mahindi ndani yake, kisha nikaweka ncha ya bisibisi kwenye mfuniko na mpini wake wa mbao sikioni, kama tunavyofanya sote tusio na vifaa vya gharama. Sauti ilikuwa moja, imenyooka, bila punje inayogongagonga, na kiganja kilikaa juu ya mota bila kuondolewa na joto. Bosi alipita akauliza kwa nini natabasamu peke yangu. Ni vigumu kumweleza mtu asiye fundi.

Anayekwenda huko aende kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa baadaye foleni huwa ndefu, na aichukue beringi ya zamani hata kama maandishi yake yamefutika, maana Papa ataipima kwa vernia, kipimo chake cha milimita, na kuitambua bila namba. Aseme mapema mashine ni ya kazi gani. Kwa beringi, sijaona duka lililo bora kuliko hili katika mji huu kwa fundi wa kiwango changu. Kwa mikanda, nitaendelea kwenda soko la Kenya mpaka ile misumari itakapohamishwa kutoka mlangoni.